Mtafiti apimwe kwa idadi ya kunukuliwa? Tutazame yaliyotokea kwa samaki

Mleta mada: Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Mtafiti akiomba cheo au fedha, siku hizi kinachotazamwa kwanza ni namba: makala zake zimenukuliwa na watafiti wengine mara ngapi, h-indeksi yake ni ngapi. Kipimo hicho kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 30, makala zako 30 zimenukuliwa angalau mara 30 kila moja. Mimi nasema namba hiyo isiamue riziki ya mtu, na fiziolojia ya wanyama wa majini, yaani elimu ya jinsi miili yao inavyofanya kazi, imetuonyesha kwa nini.

Kuanzia 2009 zilitoka makala zilizodai kwamba kaboni dayoksaidi ikizidi baharini, samaki wa matumbawe huchanganyikiwa hata kuifuata harufu ya samaki wanaowawinda. Majarida makubwa yakazichapa, zikanukuliwa kwa wingi. Mwaka 2020 Timothy Clark na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba wameyarudia majaribio hayo kwa miaka mitatu, kwa samaki zaidi ya 900 wa spishi sita, na athari hiyo hawakuiona. Kisha mwaka 2022 Jeff Clements na wenzake wakapitia tafiti 91 za suala hilohilo. Zilizotoa matokeo makubwa ya kushtua mara nyingi zilitumia samaki wachache, nazo ndizo zilizoingia majarida yenye jina na kunukuliwa kupita kiasi.

Kurudia jaribio kwa uangalifu kunakula miaka mitatu na kuzaa makala moja. Hiyo kazi namba inaihesabuje?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, uchungu wako naupata, lakini kabla ya namba tulikuwa na nini? Barua za kusifiana. Mzee anamwinua mwanafunzi wake, mwanafunzi naye akizeeka anamwinua wake. Kijana asiye na wa kumshika mkono hana mtetezi zaidi ya namba. Tena mfano wako unanisaidia mimi: hao wa 2022 waliuona upotofu huo kwa kuhesabu kunukuliwa.

Mchangiaji wa pili: Naongeza suala la muda. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walichapisha makala kuhusu protini ing'aayo ya yavuyavu aitwaye Aequorea, katika jarida la fiziolojia linganishi. Protini nyingine ya yavuyavu huyo, ing'aayo kijani, ilitajwa humo pembeni tu. Jeni ya protini hiyo ya kijani ilinakiliwa 1992, mwaka 1994 ikaonekana inaweza kung'arisha seli za viumbe wengine, na 2008 Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien wakapewa Nobel ya kemia. Kamati iliyokaa mwaka 1967 kuhesabu walioinukuu makala hiyo ingepata nini cha kusema? Halafu fani hazilingani. Anayechunguza jinsi matamvua ya samaki mmoja wa maji baridi yanavyopitisha chumvi ana wasomaji wachache dunia nzima, wa saratani anao maelfu.

Mleta mada: Ndugu yangu wa kwanza, hoja ya kujuana imenigusa, naikubali. Kurudi kwenye barua sitaki kabisa. Ila namba nayo inapikwa: mtu anajinukuu, marafiki wananukuuana. Na hata anayekunukuu ili akupinge anakuongezea hesabu, jambo ambalo kwangu linatosha kuivua heshima iliyopewa. Ilani ya Leiden ya 2015, tamko la wataalamu kuhusu kupima utafiti kwa takwimu, ilisema wazi kwamba takwimu ziisaidie tathmini ya wataalamu, zisichukue nafasi yake. Napendekeza mwombaji alete makala tano azichaguazo mwenyewe, zisomwe. Kurudia jaribio la mwenzako kuhesabiwe kuwa kazi kamili. Namba ije mwisho, na mtu alinganishwe na wa fani yake waliokaa kazini muda uleule.

Mchangiaji wa kwanza: Kwenye makala tano tunakaribiana. Lakini nani atazisoma? Kamati nyingi zina mchumi, mhandisi, mwanasheria. Ukiwapa makala ya mapigo ya moyo wa samaki katika maji yenye oksijeni kidogo, watalitazama jina la jarida na kupiga kura. Wasomaji wa nje wanaweza kuombwa, sawa, ila hao nao huchaguliwa na mtu, na mtu huyo ana marafiki. Nionyeshe utakavyowapata bila kumrudisha mzee na barua yake, nami nitahamia upande wako.