Mjadala: Je, kila mwanafunzi wa udaktari apangiwe mlezi kwa lazima?

Mzee wa Wodini: Naleta hoja mezani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la JAMA yalionyesha kuwa chini ya nusu ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na mlezi wa kitaaluma, ingawa ulezi huo ulitajwa kuchangia sana uchaguzi wa fani na tija katika utafiti. Napendekeza kila mwanafunzi apangiwe daktari bingwa mmoja wa kumlea, tangu anapoingia wodini hadi atakapochagua ubingwa. Wapo watakaosema mlezi hutafutwa, hapangwi. Kwa niliyoyaona, wanaomkosa ni wale wanaotoweka mara tu raundi ya kuwapitia wagonjwa inapokwisha.

Sindano: Hoja yako ni njema, lakini sentensi ya mwisho imenichoma. Nilikuwa nabaki wodini mpaka watu wa zamu ya usiku wanaingia, nikichota damu na kufuatilia majibu ya maabara, na bado bingwa wetu aliwaita chumba cha upasuaji vijana wawili wale wale, ambao wazazi wao alifahamiana nao. Huo ni upendeleo, mzee wangu, usitusingizie uvivu.

Mzee wa Wodini: Sikukulenga wewe, mwanangu. Hata aliyenilea mimi hakuniita, nilimfuata. Alikuwa akiturudisha kitandani, anamfunua mtoto kifua, kisha anasimama kando yetu mpaka tuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa sababu mtoto hapumui kwa mwendo mmoja, na anayehesabu sekunde 15 kisha akazidisha kwa nne anaweza kukosea idadi ya pumzi, akaipita nimonia, ambayo dalili yake ni kupumua haraka, bila kuiona. Jambo hilo nililisoma kitabuni, lakini mkono wangu ulilizoea kwa sababu yake.

Kisu Butu: Mlezi mzuri wakati mwingine humwona mtu kuliko anavyojiona mwenyewe. Virginia Apgar, daktari wa Marekani, alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Allen Whipple, mkuu wa upasuaji pale Chuo Kikuu cha Columbia, akamshauri ahamie kwenye fani ya dawa za usingizi wa upasuaji. Bila ushauri ule huenda tusingekuwa na alama za Apgar, alizozibuni mwaka 1952, ambazo mpaka leo mtoto mchanga hupewa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa ili kupima hali yake.

Binti wa Mifupa: Yaani mwanamke anazuiwa kufanya kazi aliyoisomea, anafanya makubwa kwingine kwa akili zake, halafu sifa anapewa aliyemzuia? Nilipomwambia mlezi wangu kwamba nataka ubingwa wa mifupa, aliendelea kunawa mikono, akaniuliza bila kugeuka: "Na utazaa lini?" Naye bila shaka anaamini alinielekeza.

Kisu Butu: Dada, usinitwishe maneno ya mlezi wako. Whipple alikwisha kuwafundisha wanawake wengine upasuaji akawaona wakihangaika kupata riziki, na tena aliamini kuwa upasuaji hauwezi kusonga mbele pasipo wataalamu wa usingizi.

Binti wa Mifupa: Basi angepambana na waliowanyima wanawake wale riziki. Ilikuwa rahisi zaidi kumhamisha mmoja.

Msomaji wa Kando: Ndugu zangu, swali lilikuwa ulezi wa lazima. Kisa cha Binti kinanifanya niuogope, kwa kuwa mwanafunzi aliyepangiwa mtu wa namna ile hana pa kukimbilia. Ninaukubali kwa masharti mawili: mwanafunzi aruhusiwe kubadilisha mlezi bila kutoa sababu, na mlezi asiwe ndiye anayemsahihishia mtihani wala kumwandikia barua ya mapendekezo. Nani atamwambia ukweli mtu anayeshika hatima yake?

Mzee wa Wodini: Hapo kwenye barua umenigusa pabaya. Nimewaandikia vijana wengi, na kamati za ubingwa huzithamini kwa sababu zinatoka kwa mtu aliyemwona kijana akiitwa usiku wa manane kwa mgonjwa anayevuja damu. Ukimnyima mlezi haki ya kuandika, ataandika nani? Karani wa chuo?

Sindano: Ataandika yeyote aliyefanya naye kazi, hata muuguzi mkuu wa wodi, ambaye mara nyingi anatujua kuliko ninyi mabingwa.

Mzee wa Wodini: Muuguzi mkuu namheshimu, lakini hajawahi kumkabidhi kijana kisu akasimama nyuma yake. Barua zangu nitaendelea kuziandika.

Binti wa Mifupa: Ziandike, mzee. Ila mwonyeshe kijana ulichomwandikia kabla hujaifunga bahasha.