Racheti ya nusu inchi inaruka meno: niifufue ya zamani au nidai waranti ya mpya?

Mwana_Wete
Assalaam alaykum mafundi. Naomba ushauri juu ya racheti mbili za gereji, ile mipini ya kuzungushia soketi, zote za mraba wa nusu inchi.

Ya kwanza ni ya zamani, ya Uingereza, kichwa cha mviringo chenye skrubu mbili mgongoni. Gia ina meno 24. Ukiizungusha kwa mkono mtupu inaalika vizuri, lakini kwenye nati ya tairi ya Probox inaruka ghafla na mkono unakwenda kugonga rimu. Inaruka upande wa kufungulia tu. Upande wa kufungia inashika.

Ya pili ni mpya, meno 72, imenunuliwa mjini na kwenye boksi imeandikwa waranti ya maisha. Haijafika miezi minane, gololi ya kushikia soketi imezama na soketi zinaanguka zenyewe. Muuzaji anasema waranti haihusu racheti, na risiti ukiitazama sasa ni karatasi nyeupe, maandishi yameondoka.

Ya zamani ina maana kuifungua au imeshakufa? Na hii waranti ya maisha hasa ni maisha ya nani? Nataka pia kununua spana za mtumba za konteina, kwa hiyo anayejua cha kukagua anisaidie.

Spana_Kumi_na_Saba (Mwanakwerekwe)
Wa alaykum salaam. Ya zamani usiitupe. Racheti inayoruka upande mmoja tu ni habari njema, kwa sababu inakuonyesha tatizo liko wapi. Ndani ya kichwa kile mna gia, ulimi unaoingia kwenye meno ya gia, springi inayousukuma ulimi, na kiswichi cha kugeuzia. Ulimi una ncha mbili, moja ya kufungulia na moja ya kufungia. Ya kufungulia ndiyo hubeba mzigo mkubwa maisha yake yote, maana nati yenye kutu hudai nguvu kuliko nati safi inayofungwa. Ndiyo huanza kuchakaa.

Kuna sababu tatu za kuruka, na zikague kwa mpangilio huu. Kwanza grisi iliyokauka. Ulimi unachelewa kurudi, unakamata ncha ya jino badala ya kuzama mpaka chini. Hapo hakuna kilichoharibika, ni uchafu. Pili springi imelegea au imekatika. Tatu ncha ya ulimi au meno ya gia yamekuwa mviringo.

Kabla ya kufungua, osha nje kwanza ili mchanga usiingie ndani. Tia kichwa ndani ya mfuko wa nailoni unaoona ndani yake, fungulia humo humo. Springi ile ni ndogo kama punje ya mchele na ikiruka kwenye sakafu ya gereji huioni tena. Skrubu za zamani zinataka bisibisi inayojaa mfereji wote. Ikigoma, tia mafuta ya kupenya, iache usiku kucha, kisha igonge bisibisi kidogo kwa nyundo huku umeikaza. Ukiinua kifuniko piga picha kabla hujagusa kitu, kwa sababu ulimi usiolingana pande zote ukirudishwa kichwa chini racheti haitashika vizuri.

Osha kwa mafuta ya taa na mswaki, futa, kausha. Sasa peleka ulimi kwenye jua. Ncha nzima inaonekana kama mstari mkali wa kivuli. Ncha iliyochakaa ina ukanda mdogo unaong'aa, kama ukucha uliokatwa. Kagua na gia jino moja moja, upande ule ule.

Usijaribu kuichonga ncha kwa tupa. Ulimi umetiwa ugumu. Tupa itateleza, au ukitumia jiwe la umeme utauchemsha, ulainike, na pembe yake ibadilike. Cha kujaribu ni kimoja: kama ulimi unalingana pande zote mbili, upindue, ile ncha nzima ndiyo ije upande wa kufungulia. Hiyo ni dawa ya muda, lakini kwa ulimi ambao spea yake haipatikani, ni dawa ya kweli.

Unaporudisha, usijaze grisi ya beringi. Hapa ndipo wengi wanapoziua racheti nzima. Grisi nzito inauzuia ulimi kurudi na unapata kuruka kule kule ulikokukimbia. Matone mawili matatu ya oili ya gia boksi ya otomatiki yanatosha.

Karani_wa_Spea (Mlandege)
Nijibu la waranti. "Maisha" kwenye boksi ni maisha ya kifaa katika matumizi ya kawaida, na kampuni nyingi zinaahidi jambo moja tu: kasoro ya chuma au ya utengenezaji. Kuchakaa kwa kawaida hakumo. Kutumia bomba kurefusha mpini hakumo, wala kupiga nyundo, wala kufungua kichwa na kukosea kurudisha. Mara nyingi ahadi ni ya mnunuzi wa kwanza peke yake. Toki renchi, ile spana ya kupimia nguvu ya kukaza, huwa na masharti yake mbali, kwa sababu ina kipimo kinachohitaji kusahihishwa kila baada ya muda.

Racheti nayo huwekwa kando na spana za kawaida. Kampuni nyingi nzuri hazikupi racheti mpya, zinakupa seti ya ndani: gia, ulimi, springi na klipu. Kwa hiyo muuzaji aliyekwambia waranti haihusu racheti huenda amechanganya. Soma karatasi iliyokuja na boksi. Kama haikutaja racheti kwenye orodha ya visivyohusika, neno lake halina nguvu juu ya maandishi. Na gololi iliyozama bila alama ya kugongwa ni kasoro ya utengenezaji, si kuchakaa, hasa ndani ya miezi minane. Hilo lidai. Peleka racheti haijafunguliwa, ikiwa safi, pamoja na boksi. Zanzibar ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inayosikiliza malalamiko ya walaji, na mara nyingi kuitaja kwa adabu mbele ya meneja kunatosha.

Risiti: zile karatasi laini zinazotoka mashineni huandikwa kwa joto, si kwa wino. Ukiiweka kwenye dashibodi au ndani ya plastiki inafutika. Siku ya kununua, ipige picha ikiwa juu ya kifaa chenyewe, namba ya modeli ionekane, na mwambie muuzaji aandike kwa kalamu na kugonga muhuri. Kama ulilipa kwa simu, ujumbe wa malipo bado upo; huo ni ushahidi.

Kwa mtumba, hesabu waranti kuwa sifuri. Watu hupenda kutaja Craftsman, chapa ya vifaa iliyokuwa ya maduka ya Sears, kwamba Sears walikuwa wakibadilisha racheti mbovu kaunta bila risiti. Ni kweli, tena mara nyingi walitoa iliyokarabatiwa, lakini hiyo ilikuwa kaunta ya Marekani, na jina lenyewe lilinunuliwa na Stanley Black & Decker mwaka 2017. Kusafirisha racheti moja kutoka Pemba kwenda ng'ambo na kurudi kunakula bei ya racheti. Waranti yenye faida kwako ni ya duka unaloweza kulifikia kwa boti.

Nyuzi_Tano (Fuoni)
Wakubwa wamesema kweli, lakini hakuna aliyemuuliza kwa nini nati ya tairi inafunguliwa kwa racheti.

Tufanye hesabu. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Zikishika kutu, kuzifungua huhitaji zaidi ya hapo, pengine mara mbili. Mpini wa racheti ya nusu inchi ni kama sentimita 25. Mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote mwishoni anapata karibu Nm 172. Nati haikuachia, anachukua bomba la mita moja: sasa ni karibu Nm 690. Kipimo cha majaribio cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, kwa racheti ya nusu inchi ni Nm 512. Umeshavuka, na yote hiyo inabebwa na ncha ya ulimi yenye upana wa milimita chache. Kwa racheti ya inchi 3/8, kipimo ni Nm 202, na robo inchi ni 62 tu, kwa hiyo huko hata bomba fupi ni kuua.

Nunua mpini mrefu wa soketi usio na racheti, ule wa kichwa kinachokunjika, sentimita 45 hadi 60. Vunja nati kwa huo, halafu malizia kwa racheti. Ukiwa na mpini huo, racheti yako ya zamani itaishi.

Na meno: 24 ni nyuzi 15 kwa kila jino, 72 ni nyuzi 5. Meno mengi yanakusaidia nyuma ya injini ambako mkono hauna nafasi ya kucheza, lakini ni madogo na yanachukia uchafu. Ya 24 inavumilia mchanga. Weka zote mbili, kila moja na kazi yake.

Bi_Kiwengwa
Kuhusu kukagua mtumba, kaka, angalia mraba wa racheti kabla ya kitu kingine. Ukiutazama kwa mbele pembe zake ziwe zimenyooka. Ukikuta umejipinda kama kamba, uache. Soketi ishike kwenye mwanga utafute ufa kwenye pembe za ndani. Kisha izungushe kiswichi mara ishirini, si mara moja.

Angalia na vipimo. Spana za zamani za Uingereza zina alama ya W (Whitworth) au BS, ambazo ni vipimo vya zamani vya bolti, au AF. Spana ya 1/2W haina mdomo wa nusu inchi. Nusu inchi ni unene wa bolti, mdomo ni karibu mm 23.4. Hiyo haikusaidii kwenye Toyota. Za AF ni inchi ya mdomo wenyewe: 3/4 ni mm 19.05, inakaa vizuri kwenye 19. Lakini 9/16 ni mm 14.29, na ukiilazimisha kwenye nati ya 14 utakula pembe zake.

Ngalawa_Nungwi
Kwetu sisi wa mashine za boti adui ni chumvi kuliko ulimi. Kifaa kilichonyunyiziwa maji ya bahari kioshwe maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kikaushwe juani, kipakwe oili nyembamba. Kukifuta kwa kitambaa bila kukiosha kunaibakisha chumvi pale pale, nayo huvuta unyevu hewani na kutu inaendelea chini ya oili.

Spana iliyokwisha kula kutu iloweke kwenye siki masaa 12 hadi 24, sugua kwa brashi ya waya, osha kwa maji yenye magadi kidogo, kausha mara moja. Springi na ulimi usivitie kwenye siki: asidi huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike. Wala usiunguze kifaa kwenye mkaa ili kutu itoke. Chuma kikifika rangi ya buluu, ugumu unaweza kuwa umepungua, na spana inaweza kufunguka mdomo siku ya kazi.

Kromu iliyobanduka ni wembe. Iondoe yote palipoachia, kwa msasa wa maji, usiache ukingo.

Na mafuta ya nazi waachieni wapishi. Yanachacha, yananata vumbi, na chini ya nyuzi joto 24 hivi yanaganda, kwa hiyo chumba chenye kiyoyozi racheti itakuwa imegandamana.

Mwana_Wete
Ahsanteni sana. Nimeifungua ndani ya mfuko. Grisi ilikuwa nyeusi, ngumu kama lami. Springi imekatika vipande viwili. Ulimi una ukanda unaong'aa upande wa kufungulia, mwembamba, na unalingana pande zote. Meno ya gia naona ni mazima. Springi nitaipata wapi Wete?

Spana_Kumi_na_Saba (Mwanakwerekwe)
Hiyo inapona, sheikh. Weka vile vipande viwili pamoja, pima vitu vitatu: unene wa waya, upana wa nje, na urefu ikiwa haijabanwa. Kama upana ni karibu mm 4, springi ya kalamu ya kubofya mara nyingi inaingia. Ikate ndefu kuliko ya zamani kwa mzunguko mmoja, kisha bana mzunguko wa mwisho ulale bapa, usiache ncha ya waya ikwaruze ulimi. Ikiwa waya ni mwembamba kuliko wa asili, hiyo ni ya kupitisha siku tu. Tafuta kwa wanaotengeneza kabureta za pikipiki, wana springi ndogo ngumu zaidi. Ikiwa kiswichi kimekuwa kigumu kugeuza, springi ni ndefu mno; kata nusu mzunguko, jaribu tena.

Pindua ulimi, rudisha, tia oili. Kisha usiipeleke moja kwa moja kwenye tairi. Bana bolti ya 19 kwenye vaisi, weka alama ya chaki kwenye gia, na vuta kwa nguvu ya mikono miwili upande wa kufungulia. Sogeza jino moja, vuta tena. Yote 24, kwa sababu gia inaweza kuwa nzima kwenye meno ishirini na tatu na kukutupa kwenye lile moja. Vuta kuelekea kifuani, usisukume, na simama miguu imeachana ili ikiruka usianguke. Ukisikia jino hata moja linateleza, hiyo racheti ifanyie kazi za kufungia tu na uiandike kwa rangi kwenye mpini.

Karani_wa_Spea (Mlandege)
Na ile ya meno 72 usiifungue kabisa mpaka duka likupe jibu kwa maandishi.