Fotodaiodi yangu haioni alfa, nisaidieni

Chiromo_Mwanafizikia: Habari zenu wakuu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kupima chembe za alfa (aina ya mionzi) kwa silikoni. Nilinunua fotodaiodi ya BPW34 (kijisehemu cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme) Luthuli Avenue, Nairobi, nikaiunga kwa amplifaya ya chaji, yaani kikuza ishara ndogo. Chanzo cha alfa ni amerisiamu-241 ya maabara, na mwalimu yupo kila ninapopima. Kwenye osiloskopu naona kelele tu. Nikiwasha taa, mstari unaruka juu kabisa. Je, daiodi imekufa?

Fundi_Ngara: Haijafa, ndugu. Hiyo BPW34 imefunikwa plastiki ya epoksi. Alfa ya MeV 5.5 (MeV ni elektroni-volti, eV, milioni moja, kipimo cha nishati) hupenya kama maikromita 28 tu ndani ya silikoni, na plastiki yenyewe ni nene kuliko hapo mara nyingi. Chembe zinafia mlangoni. Tafuta BPX61, ile ya kopo la chuma lenye dirisha la kioo, uondoe kioo polepole bila kugusa silikoni wala zile nyaya nyembamba kama unywele. Vaa miwani.

Mama_Elektroni: Nakubaliana naye. Na hilo la taa lisikushangaze, daiodi hiyo iliundwa kuona mwanga. Funga kila kitu ndani ya kopo la biskuti la bati, uliunge na ardhi ya saketi. Litazuia mwanga pamoja na mvumo wa umeme wa stima wa hezi 50. Kisha ipe daiodi volti 9 hadi 12 za kinyume, yaani chanya kwenye kathodi. Eneo tupu la silikoni (lisilo na chaji huru) litapanuka, kapasitansi itashuka, na kelele itapungua. Hapa usibahatishe: kila jozi ya elektroni na tundu (nafasi inayoachwa na elektroni) hugharimu eV 3.6, kwa hiyo alfa moja inakupa jozi kama milioni 1.5. Ishara ipo, ila ni ndogo, karibu pikokulombu 0.24.

Chiromo_Mwanafizikia: Asanteni sana. Chanzo nikiweke umbali gani? Na nikimaliza, naweza kufanyia nyumbani kwa amerisiamu ya kigundua moshi?

Fundi_Ngara: Milimita 5 hivi. Kila sentimita ya hewa inakula karibu MeV 1, na baada ya sentimita 4 hupati kitu. Ukitaka kilele chembamba cha nishati, omba pampu ya ombwe ya kutoa hewa.

Mama_Elektroni: Nyumbani usithubutu, mwanangu. Ukikibomoa kigundua moshi, vumbi lake likiingia mapafuni alfa inaumiza kweli. Vyanzo vya mionzi viko chini ya KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia, na maabara yenu ndiyo mahali pake. Hakikisha kwanza kwamba kopo halipitishi mwanga, kisha utuwekee picha ya mpigo wa kwanza.