Msaada wa haraka: nyuki ndani ya dari, nyumba ya kupanga, Bwiru

JiraniWaJabali (Alhamisi, saa 2:10 usiku)
Wadau, habari za usiku. Nina nyuki kwenye dari. Naishi Bwiru, Mwanza, nyumba ya kupanga iliyojengwa juu ya mwamba, bati juu, jipsamu chini. Wanaingilia kwenye kona ya paa upande wa ziwani, pale fisha bodi inapokutana na ukuta. Ni wiki mbili sasa. Tangu juzi usiku wanashuka hadi sebuleni na kuzunguka balbu. Nina watoto wawili, mmoja miaka 6 na mwingine 3.

Nimeshaelewana na fundi, anafungua dari Jumamosi saa nne asubuhi. Naomba kujua hili tu: tuvae nini, na moshi wa nini?

Mzinga_Mlalo
Pole sana. Saa nne asubuhi ahirisheni. Jua likiwaka nyuki wetu ni wakali, na wale walioko malishoni watarudi mmoja mmoja wakute nyumba yao imevunjwa. Anzeni saa moja jioni, giza likiingia, wote wakiwa ndani. Kioo cha tochi kifunike kwa nailoni nyekundu, kwa sababu nyuki haoni wekundu. Akiona mwanga mweupe anaufuata hadi usoni kwako.

Moshi: magunzi ya mahindi au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka vizuri. Uwe mweupe na wa baridi. Uupime kwa kiganja: ukikuunguza wewe, unawaunguza na wao, na hapo ndipo wanapochachamaa. Msitie raba, plastiki wala mafuta ya taa. Puliza moshi kwa bomba mara tatu au nne mlangoni pao, kisha subiri dakika mbili. Wakisikia moshi hukimbilia asali na kujaza matumbo, na nyuki aliyeshiba hudunga kwa shida.

Mavazi: ovaroli nene ya rangi nyeupe, veili isiyogusa uso, glavu ndefu, gambuti. Mguu wa suruali uje juu ya gambuti na ufungwe kwa mpira, maana nyuki hupanda juu siku zote. Msijipake manukato. Wala msile ndizi kabla ya kazi: harufu anayoitoa nyuki akidunga, ya kuwaita wenzake, inafanana na ya ndizi mbivu.

BintiSengerema
Kwa nini muwatoe? Nyuki wakichagua nyumba yako ni heri imeingia. Tafuta mzinga uwafuge hapo hapo uani.

Mzinga_Mlalo
Uani penye watoto wa miaka 3, hapana. Ila kama kuna ndugu mwenye shamba mbali na njia za watu, mzinga wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega, unafaa. Upana wa kiunzi uwe milimita 32. Ukizidisha, wanajenga masega mawili kwenye kiunzi kimoja au wanaunganisha viunzi, na siku ya kukagua unavunja kila kitu. Mzinga usipakwe rangi ndani, nta ya zamani isuguliwe kwenye viunzi ili wapate mstari wa kuanzia, na miguu ya stendi ikae kwenye makopo ya oili chafu kuzuia sisimizi.

FundiDari
Turudi kwa mleta mada. Kuna jambo halijakaa sawa. Nyuki wa dari hatoki kwa ndani usiku ikiwa mlango wake wa nje uko wazi. Kona ile mmeifanya nini?

JiraniWaJabali
Hakuna kikubwa, kaka. Swali langu lilikuwa mavazi na moshi, na Mzinga_Mlalo amenisaidia sana.

FundiDari
Dada, nauliza kwa sababu jibu linabadilisha kazi nzima. Umeziba? Umepuliza dawa?

JiraniWaJabali (saa 3:02 usiku)
Sawa. Siku ya Jumanne mtoto mdogo alidungwa mara tatu shingoni. Nikanunua makopo mawili ya dawa ya mende, nikapuliza pale kwenye tundu mpaka yakaisha. Usiku huo huo nikaziba kwa saruji na mchanga. Mama gani angeangalia tu? Na imesaidia, kila asubuhi nazoa waliokufa, nusu kopo hivi. Nilipuliza mlangoni tu, masega yako ndani kabisa.

Nesi_wa_Zamu
Mtoto yukoje sasa? Uvimbe wa pale alipodungwa ni wa kawaida, unaweza kukaa siku mbili tatu. Lakini akidungwa tena kisha akavimba midomo au macho, akapata vipele mwili mzima, akakohoa, akatapika au akalegea, hiyo ni hospitali dakika hiyo hiyo. Msisubiri kuona. Mwiba mkwangueni mara moja kwa ukucha au kitu chochote kilichopo karibu, maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Kuchelewa huku mnatafuta kifaa ndiyo kosa.

JiraniWaJabali
Anaendelea vizuri, anacheza. Asante sana.

FundiDari
Basi kuna kazi mbili kabla ya Jumamosi, ya kwanza ni ya usiku huu. Na mpangilio wake usigeuzwe.

Kwanza, ndani. Zima swichi kuu ya umeme, angalia pale waya wa taa unapotoka kwenye dari. Nina hakika ndipo wanaposhukia. Ziba kwa kitambaa kikavu na gundi ya karatasi. Pita na kwenye pembe zote za jipsamu. Tundu lolote linaloingiza penseli linaingiza nyuki.

Pili, ndani kukishazibwa, nje pafunguliwe. Mtu aliyevaa kamili apande kesho jioni giza likiingia, aivunje ile saruji. Ukiwafungia, hawafi wote. Dawa iliwapata wa mlangoni, waliobaki ndani wanatafuta mwanga, na mwanga pekee wanaouona ni balbu ya sebuleni kwako. Wakipewa tundu lao watatoka nje, na watoto watalala.

Mzinga_Mlalo
Nakazia alichosema. Na dawa ina matatizo ambayo hayaonekani wiki ya kwanza. Nyuki ndio kiyoyozi cha masega. Sehemu ya majana, yaani watoto wa nyuki, huishikilia kwenye nyuzi joto 34 hadi 35 kwa kupepea mabawa. Wakipungua, chini ya bati la Mwanza saa nane mchana, nta inalainika, masega yanakatika, asali inachuruzika juu ya jipsamu. Jipsamu ikilowa haina nguvu, inashuka na uzito wote. Majana yanaoza, na harufu yake ni ya mzoga. Wanafuata sisimizi, panya, na nondo wa nta. Nyuki wa kwingine nao watakuja kuiba ile asali na kubeba sumu hadi kwenye mizinga ya watu.

Dari ina doa lolote?

JiraniWaJabali
Lipo. La kahawia, ukubwa wa sahani, karibu na taa. Tangu jana limeanza kunata, na tone moja limeanguka kwenye kochi. Lakini Jumamosi yote yataondoka. Fundi ana ndoo za lita 20 tayari, na hataki hata shilingi.

FundiDari
Hataki shilingi? Anafungua dari, anatoa nyuki, anarudisha jipsamu, bure?

JiraniWaJabali
Asali ni yake. Ndivyo tulivyokubaliana.

Nesi_wa_Zamu
Anajua kuhusu makopo mawili?

JiraniWaJabali (saa 3:40 usiku)
Hajaniuliza. Na nimeshasema, nilipuliza mlangoni. Asali ina vifuniko vya nta, dawa itapitaje? Sina fedha za kumlipa mwezi huu, nimetoka kulipa kodi ya miezi sita.

Nesi_wa_Zamu
Dada, asali hiyo itauzwa kwenye chupa na mama mwingine atamlambisha mwanawe mwenye kikohozi. Mwambie fundi leo.

Mzinga_Mlalo
Kuhusu vifuniko: dawa nyingi za wadudu hupenda mafuta, na nta ni jamii ya mafuta, inainyonya na kuihifadhi. Tena si masega yote yana vifuniko, na nyuki waliopakwa dawa wametembea juu ya yale yaliyo wazi. Hakuna kuchuja wala kuchemsha kunakoiondoa. Asali ile haifai kwa mtu wala kwa mzinga mwingine. Hata majana msiyahamishe. Kundi likiwa bado na malkia wahamishwe nyuki peke yao, kwenye mzinga wenye sega safi.

Mchambuzi_Igoma
Samahani wakuu, mnatumia nguvu nyingi kwenye chai. Mleta mada kasema wiki mbili. Kundi la wiki mbili lina masega machache meupe, na asali ya kulea majana tu. Hapa tunaambiwa asali inachuruzika na fundi kaja na ndoo za lita 20. Hesabu imekataa. Moderata afunge uzi.

BintiSengerema
Hata mimi nilianza kushangaa.

JiraniWaJabali
Sina sababu ya kudanganya, watoto wangu wamelala jikoni. Jana nilishusha kishikio cha balbu nikamulika. Masega ni meusi kama kahawa, yamepangana kuelekea ukutani. Yako mengi.

Mzinga_Mlalo
Umeondoa utata. Sega huanza jeupe. Linakuwa jeusi kwa sababu kila jana hulala ndani ya utando na kuuacha kwenye seli, kizazi baada ya kizazi. Nyuki kibarua huchukua kama wiki tatu kutoka yai hadi kutoka, kwa hiyo weusi wa kahawa ni miezi mingi. Mchambuzi hesabu yako ni sahihi, ila wiki mbili ni tangu dada alipowaona, si tangu walipoingia. Umehamia lini?

JiraniWaJabali
Mwezi uliopita. Leo nimemuuliza jirani, anasema walikuwepo tangu masika, na mpangaji aliyetangulia alihama kwa ajili yao.

Mchambuzi_Igoma
Hapo nimekuelewa, na naomba radhi. Basi gharama ni ya mwenye nyumba, alikupangisha akijua. Mpe taarifa kwa maandishi na picha ya yale masega. Na hapo Ilemela, wilaya yenu, ulizia afisa nyuki wa halmashauri au ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), wanaweza kukuunganisha na wenye vifaa. Wakichachamaa na kuvamia watu, piga 114, Zimamoto.

JiraniWaJabali (Ijumaa, saa 6:15 mchana)
Matundu ya ndani nimeziba, usiku hakushuka hata mmoja. Fundi nimemwambia. Alikaa kimya, kisha akasema alishaahidi watu wawili lita tano tano, anawapigia. Anataka 80,000. Mwenye nyumba amekubali kukata kwenye kodi ijayo. Leo giza likiingia fundi anavunja saruji, Jumamosi saa moja jioni tunafungua dari. Sasa, masega niyazike wapi? Hapa ni jabali tupu, jembe haliingii hata kiganja.

Mzinga_Mlalo
Usiyaache wazi hata saa moja. Yakikatwa yaingie moja kwa moja kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, kisha kila ndoo kwenye mifuko miwili ya nailoni, yaende na gari la taka. Ndoo zisioshwe kwenye mtaro, mitaro yote ya hapo inaishia ziwani.

FundiDari
Kabla ya kukata, pitisha kiganja kwenye dari ukiwa umezima taa. Penye joto ndipo walipo hai, anzieni mbali na hapo. Tandikeni turubai toka darini hadi sakafuni, mkate mraba wa sentimita 60 katikati ya mbao, si juu yake. Nta yote ikwanguliwe kwa patasi, mbao zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zikauke siku mbili wazi. Harufu ya nta ikibaki, kundi lingine litaingia humo humo. Kona ya nje iwekewe wavu wa chuma wa matundu ya milimita 3 kwanza, plasta baadaye. Jipsamu mpya nunueni karatasi moja, ile iliyolowa msijaribu kuirudisha.