Naomba ushauri: PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ya mzee inapanda baada ya kutolewa tezi dume

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo hasa kwa madaktari na waliopitia hili. Baba ana miaka 66, mwaka jana alitolewa tezi dume yote sababu ya kansa, PSA kabla ya operesheni ilikuwa 9. Patholojia ikasema Gleason (alama ya ukali wa seli za kansa) 4+3, kansa imetoka kidogo nje ya ganda la tezi na ukingo wa kipande kilichokatwa una seli za kansa, ila vifuko vya shahawa na tezi za limfu ziko safi. Baada ya operesheni PSA ilikuwa haisomi kabisa, sasa imekuja 0.06 halafu 0.11, maabara ileile.

Daktari anasema mpaka ifike 0.2 na irudiwe kupimwa ndo ihesabike kansa imerudi. Namwelewa, ila nimejumlisha alama za CAPRA-S (za kukadiria hatari ya kansa kurudi baada ya operesheni) nikapata 6, hilo ni kundi la hatari kubwa, na roho haitulii jamani.

Kwa ripoti hiyo, mionzi ianze sasa hivi au kusubiri 0.2 hakumpotezei nafasi ya kupona? Na skani ya PSMA (inayotafuta seli za kansa ya tezi dume mwilini) kwa PSA ndogo hivi inaweza kuonyesha chochote kweli?