Je, ada ya kuingiza gari Mji Mkongwe inatufaa?

Mkaazi wa Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba yetu iko Mkunazini, hatua chache kutoka Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee wetu mpaka leo huiita Creek Road, na kila asubuhi nikitoka kwenda kazini naikuta foleni imekwishaanza Darajani. Boti ya Dar es Salaam ikifunga gati, taksi, gari za hoteli na bodaboda huziba njia ya Malindi, na katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wanapotoka kununua nguo za sikukuu, mwenye kwenda kwa miguu kutoka Marikiti hadi Mnazi Mmoja humtangulia mwenye gari. Mama yangu hutembea kwa bakora, na kila anapovuka hulazimika kupenya baina ya gari zilizosimama huku zikiunguruma. Jambo hili linaniuma sana, kwa sababu mji huu ulijengwa kwa ajili ya watu wanaotembea, na mwaka 2000 dunia ikautambua kuwa ni urithi wa wote.

Nimesoma kwamba London hutoza gari zinazoingia katikati ya mji tangu Februari 2003, na kwamba New York ilianza tarehe 5 Januari 2025 kutoza dola 9 kwa gari dogo linaloingia Manhattan kusini ya Mtaa wa 60 katika saa za pirika. Sizungumzii ada ya maegesho. Nazungumzia malipo ya kuingia tu, hata kama gari halisimami popote. Je, utaratibu wa namna hii unaweza kutufaa hapa Unguja, au tutakuwa tumemfungia mnyonge mlango wa mji na kumwachia mwenye uwezo barabara tupu? Ningependa kusikia kutoka kwa wajuzi wa mipango miji, na zaidi kutoka kwa wafanyabiashara na madereva, kwa kuwa wao ndio watakaoguswa mwanzo.

Mpangamiji, Kiembesamaki

Wa alaykumu ssalaam. Naomba nianze na ardhi kabla ya kuifikia fedha. Mji Mkongwe ni rasi, na upande wake wa nchi kavu hapo zamani ulitengwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari uliokuwa ukijaa na kupwa. Jina la Darajani lenyewe ni kumbukumbu ya daraja lililovuka hapo kabla mkono huo haujafukiwa. Miji mingine imelazimika kubuni mpaka wa kutozea ada, na kuulinda kwa kamera katika njia nyingi mno. Sisi mpaka tumeurithi, na sehemu ambazo gari linaweza kuingilia, kuanzia Malindi hadi upande wa Vuga, zinahesabika.

Wala haifai kudhani kwamba kazi hii haiwezekani bila ya mitambo ya gharama kubwa. Singapore, iliyotangulia miji yote, ilianza Juni 1975 kwa karatasi: dereva alinunua kibali cha dola 3 za nchi hiyo kwa siku, akakibandika kwenye kioo cha mbele, na maofisa waliosimama mpakani wakakikagua kwa macho. Mitambo ya elektroniki ilikuja mwaka 1998. Mwanzoni gari lililobeba watu wanne au zaidi halikulipa, hivyo watu wakaanza kuchukuana njiani, na gari zilizoingia mjini katika saa za asubuhi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Lakini ulichouliza hasa ni habari ya mnyonge, na mimi nafuata mfano wa Stockholm. Huko ada ilijaribiwa kuanzia Januari hadi Julai 2006, ila miezi kadhaa kabla ya siku ya kwanza ya kutoza, mji uliongeza takriban mabasi 200 na kufungua njia mpya, ili atakayeliacha gari lake nyumbani awe na cha kupanda. Gari zinazovuka mpaka zilipungua kwa kiasi cha asilimia 20. Wakaazi wengi waliokuwa wakiipinga ada hiyo waliona tofauti kwa macho yao, majaribio yakasimamishwa, na Septemba 2006 wakapiga kura ya kuikubali kwa wingi mdogo. Tangu Agosti 2007 imekuwa ya kudumu. Edinburgh waliulizwa mwaka 2005 kabla hawajaonja chochote, nao wakaikataa kwa wingi mkubwa. Kwangu mimi utaratibu ni huu: usafiri wa abiria utangulie, majaribio yenye mwisho unaojulikana yafuate, kisha watu waulizwe. Ukiyapindua, umetunga kodi tu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni misamaha. London ilizisamehe gari binafsi za kukodi hadi Aprili 2019, na katika miaka hiyo, hasa zilipoanza kuitwa kwa programu za simu, gari hizo ziliongezeka mno na kuijaza nafasi iliyoachwa na wengine. Hapa kwetu tukiwatoza wenye gari na kuwasamehe bodaboda wote bila ya kipimo, tutaibadilisha foleni ya gari kuwa foleni ya pikipiki, tena kwenye vichochoro vya Hurumzi na Kiponda ambako ukuta kwa ukuta ni upana wa mikono miwili.

Muuza vitambaa, Darajani

Nimeyasoma maelezo yote na nayaheshimu, lakini naona Marikiti imesahauliwa. Mteja wangu mkubwa si mgeni wa Forodhani. Ni mama anayetoka Makunduchi au Mkokotoni, wao wanne au watano ndani ya gari moja la kukodi, wanakuja kununua majora kwa ajili ya harusi na huchukua muda wao kuchagua. Mama huyo akiambiwa kwamba kuingia Darajani kuna malipo, atashukia Mwanakwerekwe, ambako siku hizi hapungukiwi na kitu, na mimi nitakaa na kodi ya duka langu. Watu wa London hawana Darajani ya pili ya kukimbilia, sisi tunayo.

Sisemi kwamba foleni hainidhuru. Mzigo wangu ukitoka bandarini, hamali hunitoza zaidi kwa sababu mkokoteni wake umekwama, na kuna siku kitambaa kimefika dukani baada ya mteja kwisha kuondoka. Ikiwa ada haikwepeki, basi gari za mizigo zipewe alfajiri kabla ya maduka kufunguliwa bila ya malipo, na gari lililojaa watu lisitozwe, kama alivyoeleza ndugu yangu hapo juu kuhusu Singapore. Kumtoza yule anayekuja peke yake ndani ya gari la viti saba, akaliacha tangu asubuhi hadi magharibi mbele ya mlango wangu, hilo nitaliunga mkono kwa mikono miwili.

Dereva wa gari ya abiria, njia ya Bububu

Mimi silipwi kwa saa, nalipwa kwa safari. Foleni ikiwa nzito naweza kupoteza safari mbili kwa siku, na hesabu ya mwenye gari haipungui hata shilingi. Kwa hivyo ada itakayopunguza gari binafsi ni faida kwangu na kwa utingo wangu, kwa sharti kwamba gari za abiria hazitaguswa.

Hata hivyo, wapangaji wetu waangalie na mwisho wa safari. Abiria akishushwa Kijangwani na kazi yake iko Shangani, bado ana mwendo wa zaidi ya dakika ishirini juani au mvuani, na asiyeweza kutembea atakodi bodaboda, yaani atalipa mara mbili. Pawepo gari ndogo zitakazozunguka pembezoni mwa Mji Mkongwe mfululizo kutwa nzima. Aidha, gari za shamba hupungua mapema usiku, na yule mpishi wa hoteli anayemaliza kazi saa tano, ambaye leo anarudi kwa gari la rafiki yake, itabidi atafutiwe njia kabla hajatozwa.

Mama wa Fuoni

Naongeza neno kuhusu Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mstari wa kutozea ada ukipita upande usiofaa, kila anayempeleka mgonjwa atakuta malipo njiani, na wengi wetu hatuendi na gari la wagonjwa. Tunakwenda na gari la jirani, usiku, mgonjwa amelazwa kiti cha nyuma. Nimesikia London huwarejeshea fedha wagonjwa wasiojiweza kupanda basi. Kurejeshewa baadaye hakumfai asiyekuwa na fedha leo. Hospitali ibaki nje ya mpaka pamoja na njia ya kuifikia, na jambo hilo liandikwe kwenye sheria, lisiachwe kwenye hisani ya ofisa anayesimama barabarani.

Mpangamiji, Kiembesamaki

Nakubaliana na Mama wa Fuoni moja kwa moja; hospitali na barabara inayoelekea huko ziwe nje. Kwa Muuza vitambaa, nadhani hofu ya Mwanakwerekwe ni ya kweli, na ndiyo sababu napendelea saa za asubuhi tu, wakati wafanyakazi wa ofisini wanapoingia, na si wakati mama wa Makunduchi anapowasili. Singapore nayo ilianza na asubuhi peke yake. Fedha zitakazopatikana zifungwe kisheria kwenye usafiri, kama London ilivyotakiwa kufanya, na hesabu zake zibandikwe hadharani; wananchi watavumilia kulipa ikiwa wataiona ile gari ndogo aliyoitaja dereva ikipita mbele yao.

Mkaazi wa Mkunazini

Nawashukuru nyote. Nilikuja na swali la kamera na kiwango cha malipo, na sasa naona kwamba mambo ya kuulizia kwanza ni gari ndogo ya kuzunguka, saa ya kutoza, na mahali mstari utakapopita karibu na Mnazi Mmoja. Lile la Muuza vitambaa kuhusu gari linalokuja na mtu mmoja limenikaa moyoni. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, inshallah, mimi na mdogo wangu tutakaa kwenye baraza ya duka moja linaloitazama barabara, kuanzia saa moja hadi saa tatu za asubuhi, tukiandika gari ngapi zinazoelekea mjini zimebeba mtu mmoja, ngapi wawili, na ngapi zimejaa. Aliye na nafasi ya kufanya hivyo upande wa Malindi na wa Vuga aniarifu hapa, ili tuhesabu katika siku zile zile.