Naomba ushauri: tumpeleke mama Florida au California?
Ndugu wanachama, habari zenu. Tunaishi Marekani, na mama yangu mzazi anakuja kututembelea kutoka Tanga. Tulikusudia kumpeleka Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney iliyoko Florida, tukijua kwamba magoti yake hayamruhusu kupanda vyombo vya kasi, lakini meli ya mvuke ya Liberty Belle, iliyokuwa ikizunguka taratibu kisiwa cha Tom Sawyer, ingemfaa sana. Kwa masikitiko, mto ule uliokuwapo tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1971 ulifungwa Julai 2025, pamoja na kisiwa chake, ili kupisha eneo jipya la filamu ya Cars. Wanaounga mkono upanuzi huo wanasema watoto wanahitaji vivutio vipya, nami siwapingi, ila naamini kwamba mahali pa wazee kuketi na kupata upepo palistahili kubakizwa.

Disneyland ya California bado ina mto wake na meli ya Mark Twain, inayofanya kazi tangu mwaka 1955. Kwa mliowahi kwenda na wazee, je, tubadilishe safari? Na sitaha ya chini ya meli hiyo ina viti, au abiria husimama muda wote?